Deni Kwanza, Sadaka Baadaye: Acheni Kumpamba Binti wa Majumba

Haya wadau, leo tugombane kidogo. Najua kuna watu watanitukana kwenye komenti, ila bora nitukanwe nikiwa nimeshasema.

Stori yake inazunguka tena kwenye simu zetu. Ile ya binti aliyerithi majumba ya baba, akawa mwanamke tajiri kuliko wote Asia, na sasa anagawa mali kwa wasiojiweza. Chini yake mioyo kama yote. "Malkia." "Mungu amzidishie." "Huyu ndiye bosi wa kweli, siyo hawa wenu wa kukodi magari ya kupigia picha."

Jina sitaji, kawaida ya hapa mnaijua. Nitawapa dalili tu. Anatoka Foshan, jimbo la Guangdong, kusini mwa China. Na ukisikia Foshan usijifanye huijui. Vigae vya sebuleni kwenu na lile kochi lililokuja na kontena hadi Kariakoo, kuna uwezekano mkubwa vimetoka hukohuko. Wilaya ya Shunde ina soko la fenicha la Lecong, wafanyabiashara wetu wanalizunguka siku nzima na hawalimalizi. Jirani na hapo, mji wa Beijiao, ndiko yaliko makao makuu ya kampuni ya familia yake. Kampuni yenyewe ina jina la bustani. Waliojua wameshajua. Wasiojua twende hivyohivyo.

Ninachosema ni kimoja. Mtu ambaye nyumba yake inadaiwa na watu wa kawaida, sadaka yake haistahili makofi mpaka kwanza wale watu wapate walichokilipia. Ukiwa na deni la fundi, la muuza genge na la mpangaji, huendi kupiga picha unagawa unga. Dawa ya deni ni kulipa. Haijawahi kuwa kutoa sadaka.

Tuanze na haki yake, nisije nikaambiwa nina chuki.

Baba yake alianza chini kabisa. Alizaliwa kwenye familia ya wakulima maskini, akafanya kazi za ujenzi, na mwaka 1992 akaanzisha kampuni ya kujenga nyumba. Inasimuliwa kwamba mpaka anafika miaka 17 alikuwa hajawahi kuvaa viatu. Alivyopata, hakusahau shida. Mwaka 2002 alijenga shule ya bweni hapo Foshan kwa ajili ya watoto wenye akili lakini kwao hakuna kitu. Ada bure, chakula bure, malazi bure. Kuna watu wazima leo wana digrii kwa sababu ya ile shule. Hilo siligusi. Mtu akikusomeshea mtoto, unasema asante na unanyamaza.

Binti naye akasoma Marekani, Chuo Kikuu cha Ohio State, akamaliza 2003. Mwaka 2005 baba akamwandikia hisa zake zote. Alikuwa bado katikati ya miaka ya ishirini, umri ambao wengi wetu tunazunguka na bahasha ya vyeti. Mwaka 2007 kampuni ikaingia soko la hisa la Hong Kong, na mwaka huohuo jarida la Forbes likamtaja tajiri namba moja wa China bara. Kwa utajiri wa dola bilioni 16 na ushee. Hakuwa hata na miaka 30.

Kwa hiyo lile neno "kajitafuta" naomba tulifute mapema. Alitafutiwa, akakabidhiwa, akasaini. Kurithi siyo dhambi, kila mzazi anataka mwanaye aanzie pale yeye alipoishia. Ila usiniuzie mirathi kwa bei ya jasho.

Sasa twende kwenye biashara yenyewe, maana hapo ndipo watu huwa hawasomi.

China walizoea kuuza nyumba ikiwa bado kwenye ramani. Unaenda ofisini kwao, unaoneshwa kijumba cha maonyesho kizuri, sofa nyeupe, maua, binti wa mapokezi anakuita kwa heshima. Unalipa malipo ya mwanzo, mara nyingi yamechangwa na wazazi wa mume na wazazi wa mke pamoja. Benki inakupa mkopo. Na marejesho yanaanza mara moja, wakati nyumba yako bado ni shimo na nondo. Pesa zenu zinaingia kwa mjenzi, mjenzi ananunua kiwanja kingine, anauza ramani nyingine, ananunua kiwanja kingine tena. Gurudumu likizunguka kasi, kila mtu anafurahi.

Kampuni ya binti ilikuwa fundi wa mchezo huo. Ilifika mahali ina miradi kama 3,000, mingi ikiwa kwenye miji midogo ambako vijana wanaondoka kwenda kutafuta maisha miji mikubwa. Mwaka 2020 serikali ya China ikaweka masharti makali ya ukopaji kwa kampuni za majumba. Mikopo ikabana. Wanunuzi wakaogopa. Gurudumu likapunguza mwendo, na baiskeli ya namna hiyo ikipunguza mwendo inaanguka.

Wachina wana jina la majengo yaliyoishia njiani. Kwa tafsiri ya moja kwa moja wanayaita majengo yenye mkia uliooza. Mwaka 2022 wanunuzi wa mamia ya miradi ya kampuni mbalimbali, nchi nzima, walitangaza kwamba hawalipi tena mikopo ya nyumba ambazo hazionekani. Wengine walichoka kulipa kodi huku na mkopo kule, wakahamia humohumo kwenye magofu. Hakuna maji, hakuna umeme, lifti haipo, wanapanda ngazi na ndoo mkononi. Hao ndio watu ninaotaka muwakumbuke kila mkiona neno "mhisani".

Mwaka huohuo, Bloomberg waliripoti kwamba utajiri wa binti umeshuka kutoka dola bilioni 23.7 hadi bilioni 11.3 ndani ya mwaka mmoja. Mitandaoni watu wakamsikitikia. Jamani! Mtu amebaki na bilioni 11, sisi tunampa pole kwa kwikwi. Yule mama aliyelipia chumba na sebule hewani, pole yake nani alimpa?

Sasa sikiliza mtiririko wa mwaka 2023, taratibu.

Mwezi Machi, baba anastaafu, binti anakuwa mwenyekiti rasmi. Kabla ya hapo, tangu 2018, walikuwa wenyeviti wawili pamoja, kwa hiyo asije mtu akasema alikuwa mgeni.

Tarehe 30 Julai, inatangazwa kwamba binti ametoa asilimia 20 ya kampuni dada, ile inayosimamia majengo, walinzi, usafi na ada za kila mwezi. Thamani yake wakati huo ilikuwa zaidi ya dola milioni 800. Zinaenda kwenye mfuko wa hisani wa Hong Kong. Mfuko una jina la baba. Mwanzilishi wake ni mdogo wake wa kike. Na haki ya kupigia kura zile hisa? Imebaki kwa kampuni ya binti mwenyewe.

Rudia kusoma hapo. Katoa hisa, kabaki na kura. Ni kama kumpa jirani jogoo kwa sadaka, halafu kamba yake ukaifunga mguuni kwako.

Wiki moja baadaye, mwanzoni mwa Agosti, kampuni ya majumba inashindwa kulipa riba ya hatifungani zake. Kiasi chenyewe? Dola milioni 22 na nusu. Fanya hesabu kwenye simu yako. Sadaka ilikuwa zaidi ya mara 35 ya malipo yaliyoshindikana.

Kufika mwisho wa mwezi, hesabu za nusu mwaka zinatoka. Hasara ya yuani bilioni 48.9. Jumla ya madeni na majukumu yuani trilioni 1.36, kama dola bilioni 187. Humo ndani kuna benki, kuna wakandarasi, na kuna wanunuzi waliolipa nyumba zisizokwisha. Oktoba ikahesabiwa kuwa imeshindwa kulipa madeni yake ya nje. Mwaka wote ulivyofungwa, hasara ilikuwa yuani bilioni 178.

Najua mtetezi wake ameshashika simu. Ngoja nimsemee kabisa.

Atasema: kisheria mfuko wa binti na mfuko wa kampuni ni mifuko miwili tofauti. Zile hisa zilikuwa zake binafsi. Kampuni ikidaiwa, hadaiwi yeye. Kweli kabisa. Sheria ndivyo ilivyo, siyo China tu, hata hapa kwetu. Ndiyo maana watu wanasajili kampuni.

Lakini mbona mifuko inakuwa miwili wakati wa deni tu? Wakati wa sifa ni mfuko mmoja! Shule ikijengwa, ni familia na kampuni, mkono mmoja. Hisa zikipanda, utajiri wa kampuni unaandikwa kuwa utajiri wa binti, picha yake ndiyo inatangulia. Gawio likitoka, kwa kuwa alikuwa na zaidi ya nusu ya hisa, zaidi ya nusu inaingia kwake. Nyumba zikikwama, ghafla tunaambiwa "tafadhali tofautisha mtu na kampuni". Hapana. Uliyekula naye ubwabwa usimkane wakati wa kuosha masufuria.

Mtetezi ataongeza: lakini mwaka huohuo aliikopesha kampuni dola milioni 300 bila riba. Ni kweli, iliripotiwa, na ni jambo jema. Ila angalia maneno. Watoto wa maskini wamepewa, wanunuzi wa nyumba wamekopeshewa. Kilichokwenda kwenye mfuko wa familia ni zawadi. Kilichokwenda kwa waliolipa ni mkopo, na kidogo kuliko zawadi. Hapo utajua moyo uko wapi.

Atamalizia: siyo kosa lake peke yake, serikali ilibana, soko lilianguka, wenzake walianguka kabla yake. Nakubali. Na kampuni ilisema mwaka 2023 ilikabidhi nyumba zaidi ya laki 6, pamoja na shida zote. Basi hiyo ndiyo habari nzuri! Hiyo ndiyo ya kupigiwa makofi! Funguo laki 6 mikononi mwa wenyewe ni tendo kubwa kuliko mfuko wowote wa hisani. Lakini mmeiona ikisambazwa? Hamjaiona. Kumkabidhi mtu alicholipia hakuna mvuto wa picha. Mvuto upo kwenye kutoa.

Na hapa ndipo ugomvi wangu unahamia kwetu, siyo kwake.

Sisi wenyewe tunajua haya mambo, ila tukiona tajiri akili inalala. Nani kati yetu hajui utaratibu wa mirathi? Mtu akifa, kabla hata watoto hawajagawana sahani, mwenye deni anaitwa ajitokeze. Pale makaburini au msibani anasimama mzee: "Kama kuna anayemdai marehemu, aje kwa familia." Mashehe wanafundisha hivyo, mahakama za mirathi zinafanya hivyo, hata wazee wasiosoma wanajua hivyo. Deni kwanza. Mirathi baadaye. Na sadaka unatoa kwenye kilicho chako kweli, siyo kwenye kilichobaki mkononi kwa sababu mwenyewe hajakifikia.

Binti huyu mpangilio wake ulikwenda kinyume. Mirathi 2005. Sadaka 2023. Deni mpaka leo watu wanahesabu.

Mngekubali hivi mtaani kwenu? Mwenye nyumba amechukua kodi ya miezi sita mbele. Mabati yanavuja, choo kimejaa, umeme wa kuchangia unakatika kila wiki. Idi ikifika anachinja ng'ombe, anaalika watoto yatima, anaita na mpiga picha. Wapangaji wake wamesimama barazani na beseni za kukinga maji ya mvua. Mngemwita malkia? Mngemuimbia. Mngemtungia jina baya mpaka wajukuu wake walikute. Sasa akiwa wa Foshan, na akiwa na bilioni, ubaya unageuka kuwa upole?

Na msidhani ni mambo ya mbali. Siku hizi kununua nyumba kwenye ramani kumefika mjini kwetu, Dar hadi Nairobi. Kila ukifungua simu unakuta tangazo: lipa kidogokidogo, apatimenti ina bwawa la kuogelea, ukabidhiwe baada ya miaka miwili. Mengine ni ya kweli na watu wanaishi humo. Mengine mabango yamepauka, na palipoandikwa bwawa wanaogelea vyura. Kijana kaweka akiba yake yote humo, na mwenye mradi yuko ukurasa wa mbele anakabidhi madawati. Tukishazoea kumpigia makofi wa Foshan, wa hapa atatushika lini?

Maana sifa ni pesa, wadau. Hilo matajiri wanalijua kuliko sisi. Kila "Mungu akuzidishie" unayoandika ni tofali. Inamjengea jina. Jina hilo ndilo linamfungulia mlango wa benki, wa waziri, na wa mnunuzi mwingine wa ramani. Sasa wewe huna hata kiwanja, unamchangia bilionea matofali bure?

Kwa hiyo siku nyingine ukikutana na posti ya mrithi mwenye huruma, kabla kidole hakijabonyeza moyo, jiulize maswali matatu.

La kwanza: nani anamdai? Siyo benki tu. Fundi, mlinzi, mpangaji, mnunuzi. Kama hao wanalia, sadaka ingoje.

La pili: alichotoa kimetoka kweli mkononi mwake? Nani anakiongoza sasa? Kama mfuko una jina la baba, unaongozwa na mdogo mtu, na kura zimebaki kwa mtoaji, hiyo mali imehama chumba tu, nyumba ni ileile.

La tatu: ametoa lini? Mwaka wa neema, au wiki moja kabla ya mambo kuharibika? Tarehe huwa zinasema mambo ambayo matamko ya kampuni hayasemi.

Mtu akipita maswali yote matatu, mpe maua yake. Mimi mwenyewe nitampa. Sina ugomvi na tajiri anayetoa, na shule ile ya 2002 naisifu mpaka kesho, kwa sababu ilijengwa wakati kampuni inakabidhi nyumba na watoto walisoma kweli.

Ila huyu wa 2023 siwezi. Dada ana akili, ana elimu, ana nguvu ambayo wanawake wengi duniani hawataionja. Angeweza kusimama siku ile ya Julai akasema: hizi milioni 800 zinaenda kumalizia ghorofa za watu waliolipa, mradi hadi mradi, na kila mwezi nitawaonesha funguo ngapi zimetoka. Hakuna mtu angemwita mhisani. Wangemuita muungwana, na hilo ndilo jina linalodumu.

Hakulichagua. Basi na sisi tusimlazimishie.

Uwanja ni wenu. Mtetezi wa binti aje na hoja, matusi aache nyumbani. Na kama umewahi kulipia nyumba ya kwenye ramani, tuambie: funguo ulipata?